Paka Asiyekua

Mwezi wa saba mwaka 1977, siku ya mnada wa Karatu, Evarista alijitwika debe la maharage akaenda kutafuta chumvi, wembe na mtego wa panya. Panya walikuwa wamezidi mwaka ule. Walikuwa wametoboa magunia manne ya mahindi, na wiki iliyotangulia walimtafuna mumewe kisigino akiwa usingizini, naye hakujua mpaka alipovaa kiatu asubuhi. Mumewe, Josephati, alikuwa karani wa mizani kwenye shamba kubwa la kahawa juu ya mji. Siku hiyo alipima kahawa akichechemea.

Chumvi aliipata na wembe aliupata, lakini mitego haikuwepo. Karibu na lori la vitunguu lililotoka Mang'ola alisimama mtu aitwaye Xavery, ambaye aliuza chochote ambacho wengine hawakuwa nacho. Miguuni pake palikuwa na tenga lililofunikwa kwa gunia. Evarista alifunua gunia akaona paka watatu wa rangi ya mchanga, wenye madoadoa hafifu, wamelaliana.

"Hawa ni paka wa namna gani?" aliuliza.

"Paka wadogo," Xavery alisema. "Hawakui. Wazungu wanawapenda sana, lakini tangu mpaka wa Kenya ufungwe wazungu hawapiti tena."

"Wanakamata panya?"

"Panya wakisikia harufu yao wanahama wenyewe, mama."

"Umewatoa wapi?"

Xavery alinyoosha kidevu upande wa Ngorongoro. "Kule juu."

"Na mama yao?"

"Nilipowachukua hakuwepo."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Evarista alichagua yule mdogo kuliko wenzake, akatoa maharage aliyobaki nayo, akaondoka naye ndani ya kapu.

Njiani paka hakulia. Alianza kulia alipowekwa chini, na akalia mpaka jua likazama. Evarista alikuwa amelea watoto wanne, wote wameshaondoka nyumbani, na kilio cha namna hiyo alikijua. Alichukua kitenge akamfunga mgongoni. Paka akanyamaza. Tangu siku hiyo alimbeba kila alikokwenda: kisimani, shambani, kwenye jumuiya, hata kanisani, ambako alilala kimya kuliko watoto wa watu. Alimwita Kadogo. Siku ya tatu panya walihama. Walionekana mchana kweupe wakivuka njia kwa mstari, wakubwa mbele na wadogo nyuma, kuelekea kwa jirani.

Hadi Krismasi Kadogo hakuwa ameongezeka hata unene wa kidole. Wa kwanza kuona kuna jambo alikuwa Josephati, na aliliona kwa masikio. Kadogo aliruka kutoka kwenye kigoda, na vikombe kabatini vikagongana.

"Mama Rafaeli," Josephati alimwambia mkewe, "kesho mlete kazini."

Kesho yake Evarista alimpeleka, na Josephati akamweka kwenye mizani ya kahawa. Alikuwa na kilo kumi na tisa. Josephati alimtoa, akajaribu mizani kwa mawe yake, akamrudisha. Kilo zilikuwa zile zile.

"Mbona mimi sioni uzito wowote?" Evarista aliuliza.

"Wewe unambeba kila siku."

Foleni ya vibarua wa kutoka Singida ilikuwa imesimama nyuma yao na vikapu vya kahawa. Mmoja alikohoa. Evarista alimfunga Kadogo mgongoni akarudi nyumbani kupalilia.

Baada ya hapo Josephati alimpima kila mwisho wa mwezi, kwa sababu kupima ndiyo kazi aliyoijua. Masika ya mwaka uliofuata Kadogo alifika kilo thelathini na tano. Kufika mwisho wa 1978, wakati vijana wa Karatu wanapanda malori kwenda vitani Uganda, alikuwa na kilo themanini na mbili, na bado angeweza kulala ndani ya kapu lile alilobebewa kutoka mnadani, kama kapu lingehimili. Kigoda kilivunjika. Daraja la miti kwenye kijito lilivunjika Evarista akiwa katikati, majirani wakalijenga upya kwa milingoti ya mkaratusi, wakamwomba kwa heshima awe anapita majini. Naye akawa anapita majini.

Kadogo mwenyewe aliacha kutembea. Miguu yake ilikuwa ya kitoto, na mwili uliokuwa juu yake haukuwa wa kitoto. Akiwekwa mahali alibaki hapo hapo, akigeuza kichwa tu kumfuata Evarista kwa macho.

Chakula chake kilifuata uzito. Mwanzoni alikunywa maziwa, lakini ng'ombe alipoanza kusikia harufu ya Kadogo mwilini mwa Evarista alikataa kukamuliwa, akakata kamba mara mbili, mara ya pili akapatikana mbali, Rhotia. Wakamuuza. Baada ya hapo Kadogo alikula nyama. Mdomo wake ulikuwa mdogo, kwa hiyo alikula polepole, siku nzima, na jioni mbuzi alikuwa nusu. Familia ile ilikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Majirani hawakuja tena kuomba moto, kwa sababu mbwa wao walikataa kuwasindikiza, na mtu akifika mahali ambapo mbwa wake hataki kufika hukumbuka kazi aliyoiacha nyumbani.

"Mbuzi wamebaki wawili," Josephati alisema asubuhi moja. Walikuwa wakinywa uji usio na sukari. Sukari ilikuwa haijaonekana dukani tangu Pasaka.

"Najua."

"Tumrudishe kwa Xavery."

Evarista alimaliza uji, akaosha kikombe, akapiga magoti, akamvuta Kadogo mgongoni kwa namna aliyoizoea, akasimama. Magoti yake yalilia. Walishuka mjini pamoja, Josephati akitangulia kumwonyesha mahali penye ardhi ngumu.

Xavery alikuwa amekaa kwenye kivuli cha duka. Alimwamkia Josephati, akamwangalia Kadogo.

"Nilisema hatakua," alisema. "Amekua?"

"Hajakua," Josephati alisema.

"Panya walihama?"

"Walihama."

"Sasa kosa langu liko wapi, mzee?"

Josephati alifikiri. Alikuwa mtu wa haki na hakutaka kumwonea mwenzake. "Amekuwa mzito," alisema mwishowe.

"Wote huwa hivyo. Yule wa bwana meneja wa shamba lenu alitoboa sakafu ya mbao akaangukia ghalani. Yule mwingine yuko kwa mtu wa hoteli, amewekwa bustanini. Wageni wanapiga naye picha, hawaambiwi wamnyanyue." Alivuta tenga lake karibu kidogo na miguu. Lilikuwa limefunikwa. "Mimi paka niliyeuza simrudishi. Nikimrudisha nitamweka wapi?"

Walipanda tena kilima. Walipofika kwenye kijito Josephati alivua viatu akaingia majini mbele, akampa Evarista mkono.

Mwezi wa tatu mwaka 1980, masika yalipoanza, Evarista alishikwa na homa. Alimweka Kadogo karibu na mafiga ili apate joto, akapelekwa hospitali ya misheni kwa baiskeli, akalala huko siku tisa. Zilikuwa siku za kwanza kuwa bila mzigo mgongoni kwa karibu miaka mitatu. Muuguzi aliyemgeuza kitandani alikuta alama mbili mabegani, za kina cha kidole, pale kitenge kilipopita. Aliuliza ana watoto wangapi.

"Wanne," Evarista alisema. "Na paka."

Muuguzi akaandika wanne.

Siku ya kumi alirudi nyumbani. Kadogo alikuwa pale pale karibu na mafiga. Chini yake sakafu ya udongo ilikuwa imebonyea kama bakuli, na Josephati alikuwa amechimba kifereji ili maji ya kuoshea vyombo yasimwingilie. Kadogo alimwona Evarista akaanza kulia, kilio kile cha siku ya kwanza.

Evarista alitandika kitenge, akapiga magoti, akamvuta. Kadogo hakusogea. Akavuta tena. Akakaa, akapumzika, akanywa maji, akajaribu kwa upande mwingine. Josephati alikuja kumsaidia, wakavuta wawili. Paka angeweza kuingia ndani ya kofia ya Josephati, na hawakuweza kumwinua.

"Nimekaa siku tisa bila kumbeba," Evarista alisema. "Zimetosha."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo. Lakini zimetosha."

Alilia mchana ule, bila sauti, huku akichambua mboga. Kisha akahamishia godoro jikoni. Josephati alikaa kwenye chumba cha mbele wiki moja peke yake, halafu naye akabeba blanketi lake akahamia jikoni, na hivyo ndivyo walivyoishi.

Mwezi wa sita alikuja mtu aitwaye Lengai, askari wa wanyama kutoka Ngorongoro. Alikuwa Mmasai mrefu, mpole, aliyevaa koti la kijeshi lililokuwa fupi mikononi. Alisema amesikia watu wanalalamika harufu ya simba. Evarista alimpisha aingie jikoni. Lengai alimtazama Kadogo kwa muda, akatoa futi ya kupimia, akampima kutoka puani hadi mkiani.

"Kwa umbo ni paka," alisema. "Paka hahitaji kibali. Ana kilo ngapi?"

"Mara ya mwisho kumi na nne juu ya mia moja," Josephati alisema. "Sasa siwezi kumfikisha kwenye mizani."

Lengai alitikisa kichwa kukubali. "Huo ni uzito wa simba jike. Kwa uzito anahitaji kibali." Aliikunja futi yake taratibu. "Mlimpata lini?"

"Mwezi wa saba, sabini na saba."

"Walikuwa watatu?"

"Watatu," Evarista alisema.

Lengai alivuta kigoda kipya akakaa. Alikubali chai ya rangi. Akawaambia kwamba kule chini, ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kuna simba jike ambaye nyasi hazilali akipita. Walianza kumwona mwaka huo huo wa sabini na saba. Hakuacha nyayo, hata kwenye tope. Siku za upepo alishika ardhi kwa makucha, na mara moja askari wenzake Lengai walimkuta amebebwa na upepo mpaka kwenye ukingo wa ziwa, amekwama kwenye matete. Alipomrukia pundamilia, pundamilia aliendelea kula. Aliishi kwa mabaki ya wengine.

"Sisi tulidhani ni maradhi," Lengai alisema. "Daktari wa mifugo alimpiga sindano ya usingizi, akampima. Alikuwa na uzito wa kitoto."

Moto ulikuwa unazimika, na Evarista aliinama akaupuliza.

"Twende naye," alisema.

"Wapi?" Josephati aliuliza.

"Kwa mama yake."

Petroli ilikuwa ya mgao, na Lengai alihitaji majuma matatu kuipata. Alikuja siku ya Jumanne na Landrover. Wanaume sita waling'oa mlango wa jikoni, wakamsukumia Kadogo juu yake kwa miti, wakamwinua. Alipowekwa nyuma ya gari, springi zilikaa chini kabisa na zikabaki hivyo. Evarista alikaa kando yake, akamshika sikio. Josephati aliomba ruhusa kazini, akakaa mbele.

Msituni kulikuwa na ukungu, na dereva aliwasha taa ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye ukingo wa Kreta ukungu ulikwisha ghafla, na chini yao kukawa na jua. Barabara ya kushuka ilikuwa na mawe. Gari lilitelemka kwa gia ndogo, likinuka breki, mpaka likafika tambarare. Lengai aliwaelekeza upande wa matete, akaamuru Kadogo ashushwe kwenye nyasi, kisha wote wakaingia ndani ya gari wakafunga milango.

Walisubiri mpaka saa saba. Simba jike alitoka upande wa ziwa. Upepo ulikuwa wa wastani, na alitembea ubavu ubavu kidogo, kama mtu anayevuka mto. Nyasi hazikulala. Alisimama mbali, akanusa, kisha akaja moja kwa moja.

Alimlamba Kadogo uso mzima. Alimlamba tumbo na masikio, na Kadogo akatoa mngurumo ambao Evarista hakuwahi kuusikia, kwa kuwa nyumbani Kadogo alijua kulia tu. Kisha mama akamshika kwa ngozi ya shingo, kama wafanyavyo wakitaka kuhamisha mtoto, akavuta. Kadogo hakusogea. Aliyeinuka ni mama. Miguu yake ya nyuma iliondoka ardhini, mwili wote ukapaa juu ya mtoto, akabaki ameshikilia kwa meno tu, kama nguo iliyoanikwa. Alipoachia alitua taratibu. Akajaribu tena. Alijaribu mara nne, na mara zote ilikuwa hivyo.

Ndipo akalala akimzunguka, kidevu juu ya mgongo wake. Walilala hivyo mpaka saa kumi.

"Tumwache hapa," Evarista alisema.

Lengai alionyesha kwa kidole. Fisi watano walikuwa wamekaa kwenye kichuguu, wametulia. "Giza likiingia watamla. Na mama yake hana uzito wa kumfukuza hata mmoja." Aliangalia saa. "Geti linafungwa saa kumi na mbili, mama."

Walishuka. Dereva alipiga honi kidogo, kwa adabu. Simba jike alisimama, akasogea kando, akawaangalia wakimsukumia mtoto wake kwenye mlango wa jikoni, kama mtu anayepisha wabeba jeneza. Walikuwa watu wanne tu, na iliwachukua muda mrefu. Gari lilipoondoka alilifuata. Alilifuata vizuri mpaka lilipoanza kupanda, ambapo upepo wa kutoka ukingoni ulimkuta, ukamrudisha chini.

Wakiwa kwenye kona za kupanda Evarista aliuliza kuhusu yule wa nyumba ya meneja.

"Alikufa mwaka jana," Lengai alisema. "Walimzika kwa trekta."

"Uzito wake haukurudi kwa mama?"

"Tulitegemea hivyo. Tukaenda kumtazama siku kadhaa." Lengai alifuta kioo kwa mkono wa koti. "Haukurudi."

Lengai aliandika ripoti. Ilijibiwa baada ya miezi minane, kwamba fomu ya simba inadai urefu wa simba, na ya paka haina nafasi ya kujaza kilo mia moja na kumi na nne, ajaze upya. Xavery aliitwa akahojiwa. Alisema yeye anauza paka. Tenga lake lilifunguliwa mbele ya maofisa wawili, wakatazama ndani, wakaona paka. Aliruhusiwa kuondoka. Mnada uliofuata alikuwa mahali pake.

Kadogo alirudishwa jikoni, kwenye bakuli lake la sakafu. Josephati alijenga jiko lingine nje ili moshi usimsumbue. Mbuzi walikuwa wamekwisha zamani, kwa hiyo kila Jumamosi alipita kwa mchinjaji kuchukua mapafu na utumbo, na sehemu ya mahindi yao ilikwenda huko. Mgongo wa Evarista haukunyooka tena. Alipokuwa akienda kisimani alitembea ameinama, mikono imeshika hewa nyuma ya kiuno.

Mwaka 1982, mwezi wa pili, alikuja kumtembelea mwalimu mpya wa shule ya msingi, msichana kutoka Kansay aliyeitwa Hyasinta. Alivaa sketi ya kijani na viatu vya plastiki, vyote safi. Alikuwa ameacha kikapu chake nje ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Hyasinta alisema ameambiwa kwamba mama Rafaeli ndiye anayejua habari za paka wadogo kuliko mtu yeyote hapa. Evarista alimpa chai, akamweleza yote, tangu mwanzo, bila kuficha: maharage, panya, daraja, ng'ombe, mbuzi kumi na mmoja, siku tisa, simba jike aliyepaa. Hyasinta alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali ya maana: anakula mara ngapi, kama anauma, kama anaogopa mvua. Aliomba kujaribu kumwinua Kadogo. Alikunja mikono ya blauzi, akainama, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatokeza. Kisha akajifuta mikono kwenye sketi.

"Pole sana, mama," alisema. "Kazi umeifanya."

Akatoka nje, akarudi na kikapu. Alifunua kitambaa. Ndani kulikuwa na paka wa rangi ya mchanga, mwenye madoadoa hafifu, amelala.

"Ulimnunua lini?" Evarista aliuliza.

"Leo asubuhi. Nyumba ya shule ina panya sana." Hyasinta alisita kidogo. "Nilitaka kuja kukuuliza kabla, lakini alikuwa amebaki huyu mmoja."

"Nipe."

Evarista alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi. Hakuwa na uzito zaidi ya nguo ya mtoto iliyofuliwa na kukauka. Alimweka kifuani, akamnusa kichwa, akakaa naye. Pembeni ya mafiga ya zamani Kadogo aligeuza macho akawatazama. Chai ikapoa. Nje mawingu yalianza kutanda.

"Mvua, mama," Hyasinta alisema kwa upole. "Naomba niwahi."

Evarista alimtoa paka kifuani, akamrudishia. Alimsindikiza hadi mlangoni, akasimama ameshika ukuta. Mwalimu aliweka kikapu kichwani, akaaga, akateremka kilima kwa hatua za haraka, mkono mmoja juu na mwingine ukining'inia, kama mtu asiyebeba kitu.